Volti za Karatasini

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 14 Aprili 1999. Siku hiyo pampu ya maji ya mtaa ilikata, na Georgette, mke wa Bulonza, akachukua bidoni ya kutekea maji akashuka ziwani. Kule chini askari walikuwa wanarushiana risasi. Majirani walirudisha bidoni kwanza. Yeye walimleta baadaye, ndani ya blanketi.

Bulonza alikuwa sentineli, mlinzi wa pampu hiyo. Angali sentineli. Aende wapi?

Leo pampu imekata tena, na binti yake Bintu amesimama mlangoni na bidoni ileile.

"Papa, hakuna hata tone. Nishuke ziwani?"

"Haushuke! Ngojea."

Ndani, mama Ghislaine, fundi wa umeme aliyetoka Kavumu, alikuwa amechuchumaa mbele ya kondensateri, yale makopo ya bati yanayoilisha mota ile nguvu isiyovuta maji, ila isipokuwepo mota inaulemea waya hadi umeme unakata. Chef Léopold, mkubwa wa pampu tangu wakati ule, alisimama nyuma yake, shati jeupe.

"Nani alipiga hii hesabu ya makopo?" Ghislaine akauliza, akisoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Mimi," akasema chef. "Kilovari kumi za ile nguvu, volti mia tatu themanini."

Ghislaine akachukua kipimo cha volti chenye waya mwekundu, akapima umeme. "Ziko mia tatu tu, chef."

"Wakubwa walisema kwenye redio courant ya Bukavu, huu umeme, iko muzuri. Mimi niandike ingine, wanifunge?"

Ghislaine akachana kipande cha katoni, akaandika juu yake. Akazidisha volti kwa zenyewe, kisha kwa mia tatu kumi na nne, sababu umeme huu unapiga mara hamsini kwa sekunde, akagawa ile nguvu kwa jibu.

"Kwa zile volti zako za karatasi, makopo ya mikrofaradi mia mbili ishirini yanatosha. Kwa hizi za ukweli, mia tatu hamsini na ine. Haya makopo yanatoa kilovari sita tu."

Akafunga makopo mengine, yaliyotolewa kwenye kinu kilichoporwa huko Walungu. Mota ikanguruma, haikukata. Nje bomba likakohoa kutu, halafu maji yakaja, na Bintu akatega bidoni huku anacheka peke yake.

Bulonza hakucheka. Alikuwa anatazama kile kipimo, kile chenye waya mwekundu. Hakikutoka Kavumu. Ghislaine alikuwa amekichukua kwenye meza ya chef, mahali kilipokaa siku zote.

"Chef," Bulonza akasema polepole, kama mtu aliyechoka hata kukasirika, "hiki kilikuwa hapa. Juu ya nini haukupima, hata ile siku ya Georgette?"

Chef Léopold akavua miwani, akaanza kuifuta.