Injini Imevuta Hewa

Fundi wa dizeli alikuwa na ugomvi na televisheni, na ugomvi wenyewe ulimhusu bintiye wa kumzaa. Binti huyo ndiye mwandishi wa tamthilia ya chombo cha anga kinachoruka kutoka nyota hadi nyota, kila Jumamosi saa moja jioni. Mtaa mzima uliitazama isipokuwa baba yake. Yeye alivumilia sehemu tatu tu, akasema hawezi kukalia kiti kuangalia uongo wenye matangazo ya sabuni katikati.

"Injini yako ikizima, inawashwa na nini?" alimuuliza binti alipokuja kumsalimia.

"Na mionzi ya zambarau, baba."

"Mionzi inatoka wapi?"

"Kwenye injini."

"Hiyo iliyozima?"

Binti akachukua mkoba wake, akaaga. Ana shahada mbili, ameandika sehemu thelathini na moja, halafu mzee mwenye oili kwenye kucha anamfunga mdomo kwa maneno mawili! Alizunguka na swali hilo siku tatu, chakula hakipandi. Wala kilichomuuma si injini. Maisha yake yote alitaka kitu kimoja kwa mzee huyu: aitazame kazi yake, aseme hii ni kazi.

Alipokuwa na miaka kumi alikwenda hadi mlango wa gereji akaomba afundishwe. Baba hakuinua hata kichwa. "Nenda kasome," alisema. Basi akasoma. Lakini kila akitoka shule alisimama nje, kwenye dirisha lenye vumbi, akitazama mikono ya baba yake. Kabla ya kufungua nati yoyote, mzee aliigonga kwa spana mara mbili. "Nati hubishiwa hodi," aliwaambia mafundi wake. "Mara moja inakupuuza. Mara mbili inajua una shida kweli." Mafundi walicheka, na nati zilifunguka.

Siku ya nne binti alimeza kiburi, akapiga simu.

"Baba, lori likiishiwa dizeli njiani, ukajaza tena, mbona haliwaki?"

"Limevuta hewa. Utapiga starta mpaka betri ife. Toa hewa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu nini? Toa hewa, litawaka." Akakata, maana kwake simu ni ya misiba na vipuri.

Binti nusura acheze. Hatimaye injini ya nyota imepata ugonjwa wa kueleweka! Sehemu ya thelathini na mbili aliiandika kwa siku moja: mafuta yamekauka, wamechota mengine kwenye wingu la gesi, injini imegoma, na nahodha anaamuru, "Toa hewa!" Aliagiza hata chujio la dizeli la lori, pamoja na pampu yake ya mkono, vikapakwa rangi ya fedha.

Siku ya kupiga picha alichelewa kidogo studio, akaingia wakati nahodha anapaza sauti, "Toa hewa!" Mhandisi wa chombo, mwigizaji mtanashati kupindukia, akatembea kwa madaha hadi kwenye mlango mkubwa wa kutokea angani, akaufungua. Feni ikavuma. Wenzake wakashika makoo yao, wakaanguka mmoja baada ya mwingine kwa ufundi mkubwa.

"Simamisheni!" mwandishi alipiga kelele. "Mnafanya nini?"

"Tunatoa hewa," mwongozaji alijibu. "Si umeandika mwenyewe, dada?"

"Hewa iliyo kwenye mpira wa mafuta! Siyo ya kupumua! Mmeua watu wote kumi na wawili!"

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema labda msimu ndio unaisha."

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alieleza kwa upole, akaeleza kwa kuchora, akaeleza kwa kufoka. Mwongozaji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hewa hiyo haiwezi kutolewa kwa mionzi. Mhandisi alipopewa spana aliishika kama ameshikishwa mkia wa panya, ikamponyoka mara nne, mara ya tano ikamwangukia mguuni. Akaomba kiti.

"Nipeni koti lake," mwandishi akasema. "Pigeni picha mikono tu."

Akalegeza nati, akapiga pampu. Povu likatoka likikoroma. Akaendelea kupiga hadi mafuta yakatoka safi, bila povu, ndipo akakaza.

Jumamosi alimbembeleza baba hadi akakubali kukaa. Mzee alikunja mikono kifuani. Taa za zambarau zilipowaka aliguna, nahodha alipoamuru aliguna zaidi. Kisha kioo kikajaa mikono miwili na spana. Spana ikagonga nati: ko, ko. Binti mwenyewe hakujua kwamba alikuwa amefanya hivyo.

Mzee akasogea mbele. "Hiyo ni mikono ya nani?"

"Yangu."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nasimama dirishani."

Tangazo la sabuni likaingia. Mzee aliliangalia lote, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Pampu umeipiga vizuri," alisema. "Hiyo ni kazi."

Maneno hayo binti aliyangoja miaka thelathini, na yalipofika yalimkuta amekasirika. "Ungenifundisha mwenyewe, baba! Nilikuja mpaka mlangoni, ukanifukuza."

"Ulikuja," mzee alikubali, macho yake bado kwenye sabuni. "Mara moja. Hodi ya pili niliingoja mpaka ukaenda chuo."