Matunda ya Viazi Nyuma ya Kiwanda cha Rangi

Fundi cherehani alikuwa akipalilia viazi nyuma ya kiwanda cha rangi alipoona tunda la bluu. Viazi huzaa juu pia, maua yakishapukutika: vitunda vya kijani kama nyanya changa, vyenye sumu. Kila msimu alivichuma na kuvifukia, watoto wa jirani wasije wakavitia mdomoni. Hili lilikuwa bluu, ile bluu ya milango ya maduka. Kesho yake mtaro wa kiwanda, unaopita kando ya kisima chake, ukatiririsha bluu hiyo hiyo.

Mama mkwe alilipasua tunda kwa ukucha. Hata ndani bluu.

"Rangi nzuri," alisema. "Ila maji haya na tumbo hilo la miezi saba, mwanangu, mimi usingizi sipati."

Likaja la njano, siku moja kabla ya mtaro kugeuka njano. Likaja jekundu. Fundi akayafunga kwenye kipande cha kitambaa, akampelekea meneja.

"Mnaosha mapipa, maji yanaingia kisimani kwangu. Mmea wenyewe unasema."

Meneja aligeuzageuza tunda. "Lakini haya yana sumu hata bila sisi, dada. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi yameisha hayo. Hili jekundu umelichuma lini?"

"Leo asubuhi."

Jioni simu ya meneja ikalia: mteja anataka rangi nyekundu, nyingi, haraka. Meneja akaamuru mtaro usiguswe na viazi vizungushiwe waya. Tangu hapo dereva wa kiwanda alikuja kila asubuhi kuchungulia rangi ya matunda, na mapipa ya rangi hiyo yakaandaliwa mapema. Biashara ikanoga. Fundi aliendelea kuchota maji ya kisima kile kile, maana hakuwa na kingine.

"Angalau tumepata mlinzi," mama mkwe alisema. "Anatulindia sumu."

Mtoto alizaliwa mashina ya viazi yalipokwisha kukauka. Wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kucha zake zilikuwa za zambarau. Bibi yake alizikagua moja moja, kisha akamvika soksi mikononi. Kesho yake mtaro ukapita zambarau, na habari za kucha zikafika kiwandani kabla ya habari za mtoto.

Dereva alipiga hodi akiwa na mche wa sabuni.

"Hongera, dada. Samahani, meneja anauliza, leo zikoje?"

"Amelala," alijibu mama mkwe.

Dereva akaketi kizingitini, akangoja aamke.