Ng'ombe wa Mmarekani Uwanjani Kasoli

Pamba ikishauzwa, hapa Kasoli, Usukumani, tunashindana mbina, ngoma zetu za kucheza. Sisi wa kundi la Bagika tunacheza upande mmoja wa uwanja, wapinzani wetu Bagalu upande wa pili, muda uleule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Tulikuwa tumeshindwa misimu miwili mfululizo. Wazee wakamwambia manju wetu, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, Kwandu, bila kumung'unya maneno: akishindwa tena, ngoma aliyoachiwa na mama yake anapewa mwingine.

Na chatu wetu wa kuchezea, anayevuta watu, alikuwa amekufa! Bagalu walikuja na chatu mnene kama paja langu. Kwandu alikuja na riwaya iliyochanika jalada.

Aliyeiandika ni Mmarekani wa zamani, mchunga ng'ombe aliyekuja kuwa baharia. Visa vyake vya safari aliviandikia zizini aliporudi, wachapishaji wakamkataa mpaka njaa ikataka kumuua, kisha watu wakaja kugombania vitabu vyake. Kwandu alikuwa amegeuza yote hayo kuwa wimbo wa Kisukuma. Mimi mpiga ngoma wake nilikasirika sana.

"Mzungu atatusaidia nini, mayu, mama yetu?"

"Huyu kachunga, Mayala. Wewe piga ngoma."

Akaanza na maisha ya mwandishi, akaingia kwenye riwaya: kijana anavusha ng'ombe wa mwisho wa mama yake juu ya mto ulioganda kwa baridi. Vijana wakacheka, mto gani unakanyagwa? Kwandu akawaacha wacheke. Akatuamuru tukanyage ardhi pamoja, kah! Barafu ikapasuka. Mguu wa nyuma wa ng'ombe ukazama, kijana akashika mkia, na hapo Kwandu akanyamaza.

Msukuma amwache ng'ombe majini? Watu wakaanza kuhama kutoka kwa Bagalu, wengine mbio, kina mama na viti vyao vichwani. Ngoma za wenzetu zikapoa. Mwishowe akaja manju wao mwenyewe, Mashimba, chatu shingoni.

"Mayu Kwandu, yule ng'ombe alitoka?"

"Ingia kwenye duara, baba, usikie."

Mashimba akageuka kutazama uwanja wake. Ulibaki vumbi tu. Akamrudisha chatu kikapuni, akaingia.

Nikaipiga ngoma ya mama yake Kwandu huku nalia kwa furaha, maana sasa haiendi popote. Na ng'ombe alipotoka majini, wa kwanza kushangilia alikuwa Mashimba.