Mayai ya Maji ya Sukari

Karatasi ilisema mayai rahisi ya kufuma. Rahisi kwa nani, haikusema. Mama wa burudani, anayepanga michezo pale kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi Bosibori, aliwagawia wahudumu wote wa ghorofa ya tatu karatasi hizo huku akitabasamu, akawaomba kila mmoja alete mayai kumi na mawili ya kroshia kabla ya Ijumaa Kuu, yatiwe kwenye vikapu vya Pasaka ili wazee wafurahi. Mtu ameamka gizani, ameinua wazee, amewaogesha, amewalisha, amewabadilisha nepi, amepanda mabasi mawili kurudi nyumbani Scarborough na miguu imevimba, halafu aambiwe sasa akae afume mayai. Haya basi.

Bosibori alikubali kwa ajili ya Melissa tu.

Melissa ni bintiye, miaka kumi na mitano. Aliletwa Toronto angali mdogo, na Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mwaka huu Mchungaji Japhet alimchagua asome somo la Pasaka, lile la wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, na asome kwa Kiswahili. Msichana akakubali, kila mtu akashangaa. Kwa wiki tatu alijifungia bafuni akisoma kwa sauti ya juu, maana mchungaji alikuwa amemwonya kwamba ukumbi wao hauna kipaza sauti na watu wa nyuma lazima wasikie. Bosibori alirudi kutoka kazini akamkuta humo, akasimama nje ya mlango na koti lake mwilini, akimsikiliza anavyojikwaa kwenye maneno marefu na kuyarudia. Alifurahi mpaka akaona haya.

Tatizo ni kwamba Pasaka tatu mfululizo Bosibori hakuonekana kanisani. Zamu, kila mara zamu. Krismasi iliyopita Melissa aliimba na vijana wenzake huku akitazama mlango, na mama yake hakutokea. Safari hii alimwambia kwa Kiingereza, wala hakukasirika, kwamba kama haji aseme mapema ili yeye asijisumbue kutazama mlango. Bosibori akaapa atakuja. Siku mbili baadaye ratiba ikabandikwa ukutani, na jina lake likawa pale Jumapili ya Pasaka, asubuhi mpaka jioni.

Aliyemwokoa ni Sughra. Huyu ni mwanamke wa Dar es Salaam, Mwislamu, mwenye maneno mengi na mikono myepesi, na kwa miaka minne walikuwa wamefanya kazi pamoja wakizungumza Kiswahili chao juu ya vitanda vya wazee. Sughra alimwita mwenzake Mama Melissa, na yeye akaitwa Mama Kazim. Kroshia hajawahi kuishika maishani mwake. Alipoiona ile karatasi aliigeuza mbele na nyuma, akamwambia Bosibori, "Wewe nifumie mayai yangu, mimi nitakushikia Jumapili yako." Wakapatana hapo hapo, na meneja akakubali wabadilishane zamu. Habari ya mayai hawakumwambia.

Kwa hiyo yakawa ishirini na manne.

Si kwamba Bosibori hakujua kufuma. Alikulia Nyamira, katika nyumba ambayo kila kochi lilivikwa kitambaa, na redio ikavikwa, na chupa ya chai nayo ikavikwa. Lakini kitambaa ni kitu bapa. Yai linataka kuzungushwa, kukazwa na kushindiliwa pamba tumboni. Alifuma ndani ya basi, akafuma wakati wa mapumziko, akafuma macho yakimwuma, na kwa juma zima akapata matatu, yote yamefanana na viazi. Jumanne jioni aliyapanga mezani akayatazama, akatamani kulia. Mwili ulikuwa umekwisha kabisa. Alichotaka duniani ni kulala siku mbili bila kuitwa na mtu.

Ndipo akakumbuka ujanja wa mama yake. Stachi ya kukazia vitambaa ilipokosekana dukani, mama alichemsha maji ya sukari mpaka yakawa mazito, akachovya kitambaa, akakitandaza juu ya bakuli, na kilipokauka kilikuwa kigumu kama sahani. Bosibori alinunua baluni ndogo, akafuma wavu wa matundu makubwa kuzizunguka, kazi ya dakika chache tu, akazichovya kwenye sukari na kuzianika juu ya beseni la kuogea. Ishirini na manne kwa jioni mbili, na vile viazi akavitupa. Alhamisi Melissa alizipasua baluni kwa sindano moja baada ya nyingine, kila moja ikimshtua na kumchekesha, na mayai yakabaki matupu ndani, magumu, yanang'aa. Ya Bosibori yalikuwa ya manjano. Ya Sughra yalikuwa ya zambarau.

Kazini yalisifiwa. Kila kikapu kiliandikwa jina la mhudumu wake na kutundikwa kwenye ujia, na mama wa burudani akapiga picha. Sughra akapokea sifa bila kupepesa jicho, hata akamweleza mtu namna ya kushika uzi. Bosibori alitoka nje, akacheka peke yake.

Jumamosi asubuhi walimkuta mzee wa chumba cha mwisho amekaa chini ya kikapu cha Sughra, midomo ya zambarau, ameshika uzi mlegevu mkononi. Alikuwa ameyafyonza mayai manne mpaka yakarudi kuwa nyuzi. Mzee huyu ana kisukari. Walipompima damu ya kidole ilionekana sukari imepanda vibaya, wauguzi wakakimbizana, daktari akapigiwa simu. Kufikia saa tano alikuwa ametulia na anauliza kama yamebaki mengine, lakini meneja hakuwa na hamu ya kucheka. Mayai yale yalitakiwa yawe ya uzi na pamba, ndivyo karatasi ilivyosema. Nani alitia sukari? Akasoma jina kwenye kikapu, akamwita Sughra ofisini.

Na Sughra akasema ni yeye. Alisema aliyafuma mwenyewe, na kwamba kwao Dar ndivyo yanavyofumwa, akayasema hayo yote kwa uso mkavu, mtu ambaye hawezi kushona hata kifungo. Akaambiwa aende nyumbani mpaka Jumanne, kesi yake itazamwe. Meneja akatoka hapo akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa Bosibori, anamchana nywele bibi mmoja, akamwambia mabadiliko ya zamu yamevunjika. Kesho Jumapili aje yeye, kama ratiba ya kwanza ilivyosema.

Bosibori aliendelea kuchana. Aliogopa, tuseme ukweli. Akinyamaza, Mama Kazim ataungua kwa kosa ambalo si lake, na Melissa kesho atasimama mbele ya watu akitazama mlango. Akisema, kazi yenyewe huenda ikaondoka, na ni mshahara huo huo unaomlea mtoto. Alijaribu kutunga uongo wa katikati, wa kumsaidia Sughra bila kujitaja, ukakataa kutungika. Uongo nao una kazi yake, itabidi uukumbuke kesho na kesho kutwa, na yeye nguvu hizo hakuwa nazo. Akaweka kitana chini.

"Mayai ya Sughra nimeyafuma mimi," akasema. "Sukari ni yangu."

Meneja akamwambia amfuate. Ofisini maneno hayakuwa mengi. Bosibori alivua kitambulisho chake akakiweka mezani mpaka Jumanne, na Sughra, aliyekuwa bado kituoni anasubiri basi, akapigiwa simu arudi.

Walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sughra alikuja juu. Alitaka kujua nani alimtuma afungue mdomo, wakati yeye mambo alikuwa ameshayaweka sawa. Alisema na kusema, halafu akamgeukia mwenzake.

"Kwa hiyo kesho mimi niko zamu, na wewe uko kanisani," akasema. "Si ndivyo tulivyopatana?"

Bosibori hakuwa amewaza mpaka huko, wallahi. Akaketi kwenye benchi akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Sughra akakaa naye, akamshika mkono mpaka alipotulia.

Usiku huo hakulala. Jumanne ilimkalia kifuani mpaka kukapambazuka.

Ibada yao huanza saa nane mchana, wenye kanisa, wanaowapa ukumbi, wakishamaliza yao ya asubuhi. Bosibori alifika nusu saa kabla, amevaa kitenge chake cha kijani, akakaa safu ya tatu mahali ambapo hata kipofu angemwona. Melissa alikuwa mbele na karatasi yake. Aligeuka, akamwona mama yake, mabega yakamshuka. Hakupunga mkono wala hakutabasamu, aligeukia karatasi tu, lakini Bosibori aliliona hilo na likamtosha. Kwaya ikasimama. Ukumbi ulikuwa na joto zuri, kiti kilikuwa na mto wa sufi, na hakuna mtu aliyekuwa akimwita aje amgeuze. Akafumba macho kidogo ili asikilize wimbo.

Alipofumbua, watu walikuwa wanavaa makoti. Mama aliyekaa pembeni yake alikuwa anamgusa bega. Bosibori akauliza kama Melissa amekwishaitwa. Yule mama akasema amesoma kitambo, na kumaliza kitambo.

Akasimama. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Pasaka tatu alikosa kwa sababu ya kazi, na hii moja aliyoilipia kwa kitambulisho chake ameikosa akiwa ndani, safu ya tatu, mdomo wazi mbele ya mwanawe. Akaenda kumtafuta.

Melissa alikuwa mlangoni na Mchungaji Japhet. Mchungaji hakuwa amekasirika, lakini hakuwa ameridhika. Alikuwa anamwambia kwamba nyuma watu hawakusikia hata neno, wengine wamemlalamikia. Mazoezini sauti yake ilifika mpaka barabarani, leo imekuwaje akasoma kama mtu anayenong'ona? Je, aliogopa?

Msichana akatikisa kichwa. Hakujua kwamba mama yake yuko nyuma yake, na akajibu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyoulizwa.

"Mama alikuwa amelala," akasema. "Sikutaka kumwamsha."