Ufa Usiokauka

Asubuhi baada ya mvua, Shavu alichimba udongo chini ya mwamba kwa kijiko cha chai, akautia kiganjani na kuufinya. Udongo ukishikamana, mwamba bado una maji ndani, hata kama uso wake umekauka na jua linawaka. Jiwe la mchanga ndivyo lilivyo. Likilowa hulainika moyoni, na mahali palipobeba vidole vya watu kwa miaka panamegeka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Kisha aliegemeza shavu lake la kushoto jiweni na kufumba macho, maana ubaridi wa maji yaliyojificha hupenya mpaka kwenye meno. Shavu hilo ndilo lililompa jina, na pale kwenye kambi ya wapanda miamba hakuna aliyefunga kamba kiunoni kabla yeye hajasema, "Umekauka."

Siku hiyo alisema umekauka, isipokuwa kwenye Ufa.

Ufa ulikuwa mpasuko mwembamba uliopanda katikati ya mwamba toka chini hadi kileleni, na hakuna aliyewahi kuumaliza. Shavu alimalizia ujana wake hapo. Alikuwa akifika penye tumbo la jiwe, pale mwamba unapojitokeza nje karibu kabisa na kilele, anaanguka; anarudi, anaanguka tena, mpaka goti likagoma. Sasa kazi yake ilikuwa kupima tu, na mtu pekee aliyeweza kuumaliza Ufa alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja, ambaye fundo lake la kwanza alifundishwa na Shavu mwenyewe.

Mdogo mtu alipanda mwamba kama anayepanda ngazi za kwao. Wageni waliacha chai ipoe ili wamtazame. Shavu naye alimtazama, na roho ilimuuma. Tusizunguke mbuyu: alimwonea wivu. Alimwonea wivu vidole, alimwonea wivu magoti, hata ile tabia yake ya kupiga miayo huku ananing'inia.

Mchana wa jana yake mdogo mtu alikuwa ametangaza mezani kwamba yuko tayari kwa Ufa. Shavu alimpongeza, akamwongezea mboga. Kabla sahani hazijaondolewa, wingu dogo lilikuja likasimama juu ya Ufa na kunyesha. Halikuzidi upana wa shuka. Kushoto jua, kulia jua, katikati maji yanachuruzika. Mwenye kambi aliwaomba wageni wasiache viatu vyao katikati. Mpishi alihamishia kamba ya nguo upande wa pili wa jiko, lakini upepo ukivuma, manyunyu yalizifikia hukohuko.

Tangu hapo kila asubuhi Shavu alichimba, akafinya, akaegemeza shavu. "Bado," alisema, na kweli ilikuwa bado. Jambo hilo lilimfariji. Hakuwahi kusema uongo kazini, na wingu lilimwondolea haja ya kuanza uzeeni. Mwenye kambi akilalamika, Shavu alimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Watu husema damu nzito kuliko maji. Mpishi, aliyekuwa akianua nguo mbichi kila siku, alisema hilo lipimwe upya.

Halafu jino lilimsumbua Shavu, akaenda mjini kuling'oa. Aliporudi na shavu limevimba, mpishi alimweleza mambo yalivyokwenda, bila kinyongo, kama anayetaja bei ya vitunguu. Shavu alipoondoka, wingu liliondoka naye. Ufa ulikauka mpaka ndani. Basi lake lilipokata kona kurudi, mvua ikaanza.

Mdogo wake alikuwa bado chini ya Ufa, kamba kiunoni, maji yakimtiririka mgongoni.

"Dada, hili wingu ni lako."

"Najua."

"Huwezi kuliambia liondoke?"

"Nimeliambia. Nikikuombea heri linapungua. Halafu naona mikono yako."

Mdogo mtu aliitazama mikono yake, akaitia mfukoni. Shavu alimwombea heri kwa moyo wote aliokuwa nao, na mvua ikawa manyunyu, lakini haikukatika.

"Jana jiwe lilikuwa kavu," alisema mdogo mtu. "Nilichimba mwenyewe. Udongo ulikuwa unga."

"Sasa kwa nini hukupanda?"

"Hukuwa umesema, dada."

Hapo mvua ilishuka kama imemwagwa kwa ndoo. Shavu angefurahi zaidi kama angetukanwa. Kumbe hata heshima mdogo wake alikuwa nayo, tena ya kumshinda yeye.

Mwisho wa mwezi mdogo mtu alifunga mizigo kwenda kutafuta miamba mingine. Shavu alimkunjia kamba vizuri kuliko alivyowahi kumkunjia mtu yeyote, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli. Gari lilipopotea machoni, wingu lilitawanyika.

Baada ya siku chache za jua alichukua kijiko chake. Udongo ulipukutika vidoleni. Aliegemeza shavu, na jiwe lilikuwa na joto. "Umekauka," alisema. Aliyekuwa akingoja neno hilo hakuwepo tena. Alitia vidole kwenye Ufa, akainua mguu mmoja, goti likamkumbusha, akaushusha.

Wakati wa chakula cha mchana mwenye kambi alipokea simu, akawapa habari: yule binti amepanda mwamba mrefu kuliko huu, jaribio la kwanza tu, na huko aliko wanamtaja kila mahali. Meza nzima ilipiga makofi. Shavu alipiga makofi kuliko wote, akasema anamshukuru Mungu, maana yeye Shavu ndiye aliyemfundisha fundo la kwanza.

Mpishi aliweka mwiko chini, akatoka kwenda kuanua nguo.