Ta Moja Tu

Sagini alipofungua studio yake mjini Kericho, juu ya duka la mbolea, aliandika mlangoni maneno matatu ya Kiingereza na hakuna hata moja la Kiswahili, ingawa kazi aliyoiomba na kuipata ilikuwa ya kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya anga za juu. Kuta alizibandika trei za mayai na mablanketi ili kuzuia mwangwi. Mabati ya paa hakuyafanyia lolote, kwa hiyo tulirekodi asubuhi tu. Ikifika saa nane mvua ya Kericho huingia kazini, na hakuna balozi wa sayari yoyote anayeweza kusikika.

Mimi, Mokeira, ndiye niliyetafsiri. Nina stashahada ya tafsiri, jambo ambalo Sagini alilitaja kila alipotaka kunicheka. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha majaribio. Mama Amondi, mkuu wa vipindi kwenye runinga iliyotupa kazi, angekuja kukitazama. Kikimridhisha, vingine ishirini na vinne ningevitafsiri mimi. Kisipomridhisha, Sagini alisema, angetafuta kompyuta itafsiri yenyewe, nami nirudi kwetu Kedowa nikauze viazi barabarani.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri, na mimi sisifu ovyo. Sayari mbili zinagombea mwezi mmoja wenye barafu ya mwisho. Mabalozi wawili wanakutana ndani ya chombo kilichoning'inia gizani katikati yao. Balozi wa sayari yenye nguvu ni mwanamke mrefu mwenye paji la uso la rangi ya fedha. Wa sayari nyonge ni mzee mnene ambaye kwa dakika arobaini anaomba jambo moja: majeshi yasiteremke mwezini, kwa maana huko wanaishi watu wake milioni tatu. Nje, meli za vita zinasubiri neno. Mwishoni yule mwanamke anasimama na kusema: "Lililobaki ni dogo. Tutatatua kesho, mwezini." Mzee anabubujikwa na machozi ya furaha, anamkumbatia.

Sentensi hiyo ilinichukua siku mbili. Kwa kanuni ningeandika "tutalitatua," lakini mdomo wa balozi ulikuwa unafunga mapema, nikaitoa ile "li." Kutafsiri kwa ajili ya midomo ya wengine ni kazi ya fundi cherehani: unapunguza pindo, hukati mkono wa shati.

Sagini alikata mkono.

Siku ya kurekodi mstari huo nilikuwa Kedowa kwenye mazishi ya shangazi. Balozi wa kike alisemewa na Chepngeno, karani wa kituo cha kununulia majani chai kule Mogogosiek, ambaye sauti yake imezoea kuita majina ya wakulima mia mbili bila kipaza sauti. Wiki ya kwanza "balozi" ilikuwa "palosi" mdomoni mwake. Alijicheka mwenyewe, akarudia mpaka b na z zikakaa. Kwa sarufi sikuwahi kumsahihisha hata mara moja.

Yeye ndiye aliyenisimulia kwa simu. Sagini alihesabu silabi za "tutatatua" kwa vidole, akaziona nyingi, akasema lugha hii ina kigugumizi, akachukua kalamu na kufuta ta moja. Chepngeno alipousoma mstari huo alisita, akamwambia kwamba hiyo sasa si kutatua, ni kutua, na ndege ndiyo hutua. Sagini akamwamuru asome kilichoandikwa. Akakisoma, kwa sauti yake yote. Alipomaliza aliambiwa asirudi tena, kwa sababu studio haihitaji mtu wa Kiswahili cha shamba kufundisha watu kazi.

Kesho yake nilimfuata Sagini. Nilimweleza kwamba ta ya kwanza ni ya wakati ujao na ya pili ni ya shina la kitenzi, na kwamba amemfanya balozi wa amani atangaze uvamizi. Alikuwa anakula mandazi.

"Mokeira, ni ta moja tu," alisema. "Nani husikiliza Kiswahili? Watu huangalia picha."

Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Amondi alifika, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani kwenye kamba shingoni. Alikataa chai mpaka aone kazi. Alitazama dakika arobaini bila kusimamisha picha, hata Sagini akaanza kunitabasamia. Kisha balozi mwenye paji la fedha akasimama, na sauti ya Chepngeno ikajaa chumba: "Lililobaki ni dogo. Tutatua kesho, mwezini." Mzee wa sayari nyonge akaangua kilio cha furaha na kumkumbatia mvamizi wake.

Mama Amondi akasimamisha picha.

"Huyu analilia furaha gani? Si ameambiwa watamshukia kesho?"

Sagini hakubadilika hata rangi. Alisema hilo ni la mfasiri, akanionyesha kwa kidevu, kisha akasikitika kwa urefu jinsi diploma za siku hizi zinavyogawiwa kama peremende.

"Mama, niliandika tutatatua," nilisema. "Direkta huyu alifuta ta."

Akamgeukia. "Ni kweli?"

"Ni ta moja tu, madam."

"Na vita huanza kwa ngapi?"

Akasema gari lake linaondoka saa nane. Ama aondoke na kipindi kilichonyooka, ama aondoke mikono mitupu na tusitafutane tena. Sagini akakimbilia kompyuta. Alichomoa ta kwenye "tafadhali" ya mahali pengine, akaibandika, na balozi akasikika kama mtu aliyekanyagwa kidole katikati ya neno. Mama Amondi alivua miwani, akaivaa tena. Ilibidi Chepngeno arudi. Ilikuwa saa nne kasoro, na kutoka Mogogosiek kwa pikipiki ni zaidi ya saa moja.

Nilimpigia, nikaweka spika. Alinisikiliza hadi mwisho, huku nyuma yake wakulima wakibishana juu ya mizani. Kisha akasema atakuja kwa sharti moja.

"Aniombe mwenyewe. Kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Akichanganya nakata."

Sagini alicheka kama mtu aliyetakiwa kuhesabu hadi kumi. Akachukua simu.

"Chepngeno, my dear, unajua ile siku tulikuwa na pressure..."

Simu ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii alikohoa kwanza.

"Bi Chepngeno. Nina ombi. Actually..."

Ikakatika.

Mtu huyu amekula, amefoka na ametongoza kwa lugha hii miaka thelathini na minane. Sasa alisimama katikati ya trei za mayai akitafuta sentensi moja nzima na haipati, na jasho linamtoka. Mama Amondi alitazama dirishani, upande wa msitu wa Mau, ambako wingu lilikuwa limeanza kukaa. Sagini akaninyooshea kalamu.

"Niandikie," alisema chini chini. "Dada, niandikie."

Hakuwahi kuniita dada. Saa ile angesoma chochote ambacho ningeandika, na mambo niliyoyawaza si ya kuandikwa hapa. Lakini nilitaka kazi yangu kuliko nilivyotaka aibu yake, kwa hiyo niliandika mistari mitatu tu, kwa herufi kubwa.

"Bi Chepngeno," alisoma, kidole kikifuata maneno, "ulinisahihisha, nami nikakufukuza. Wewe ndiye uliyekuwa sawa. Naomba urudi, na lililobaki tutatua."

Safari hii Chepngeno hakukata simu.

"Mtatua wapi, Direkta? Huku ni majani chai matupu."

Mama Amondi alicheka hadi akashika ukuta. Sagini hakucheka. Alirudi kwenye karatasi, akainua mkono wa kushoto, akahesabu kwa vidole.

"Tu. Ta. Ta. Tu. A."

"Sasa liunganishe," alisema Chepngeno.

"Tutatatua."

"Nakuja."

Alifika saa sita kasoro robo, gamubuti zimejaa matope, akaingia kwenye mablanketi bila kumsalimia yeyote isipokuwa Mama Amondi. Alisema mstari ule mara moja. Mzee wa sayari nyonge akalia, na sasa alikuwa na sababu.

Mama Amondi alichukua kipindi chake. Kabla ya kuondoka alimwambia Sagini, mbele yetu sote, kwamba vile ishirini na vinne nitaviandika mimi, na kwamba hakuna atakayegusa hata silabi bila idhini yangu. Sagini akajibu kwamba yeye siku zote amekiamini Kiswahili. Chepngeno aliuliza kama kuna chai, nami nikamwonyesha Sagini birika.