Kombe la Bega la Pili

"Tumur! Umelitafuna!" Mjomba Dagva alifoka.

Densmaa aliganda, upawa mkononi. Mumewe alikuwa ameshika kombe la bega la kondoo, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Ukingoni mwa mfupa alama za meno zilionekana waziwazi.

Mjomba Dagva, kaka wa mama yake Tumur, alikuwa ametoka mbali kuja kuusoma mfupa huo. Farasi wao wote walipotelea kwenye dhoruba ya theluji, na yule jike mweupe alikuwa na mimba pevu. Mbwa mwitu hawakuacha kulia. Nyama ya bega ilipaswa kuondolewa kwa vidole, mfupa utiwe motoni, na nyufa zake ziseme farasi walikokwenda.

"Njaa ilinizidi, Mjomba."

"Njaa! Mpwa anaguguna bega mbele ya mjomba wake! Mbwa wangu anakuzidi adabu. Mfupa wenye meno ya mtu hausemi kitu."

"Kondoo ana mabega mawili!" Densmaa alisema. "La pili nilimpelekea Bibi Handsuren. Nyama ya bega hailiwi na nyumba moja."

"Basi kimbia, mwanangu! Yule bibi akimaliza kula tu, mfupa anautoboa kwa nyundo, usije ukatumiwa kwa uchawi!"

Densmaa alitoka mbio. Theluji ilimfika magotini, tasbihi ikimgonga kifundo cha mkono. Ee Mbingu, aliomba, mzuie bibi asishike nyundo. Walinde wale wasio na mlinzi. Alipanda kilima akihema, akafika juu, akachungulia chini.

Akapiga ukelele.

Nyuma ya hema la jirani, wamejibana kwenye rundo la samadi kavu kuukwepa upepo, walisimama farasi wake! Na chini ya tumbo la jike mweupe, miguu minne myembamba ilitetemeka. Amezaa!

Bibi Handsuren alitokeza mlangoni na mfupa mkononi, mzima. "Wamefika sasa hivi. Umefuata farasi au mfupa?"

"Vyote, Bibi! Vyote!"

Aliporudi nao, Mjomba Dagva hakukubali safari yake iende bure. Aliuchoma mfupa mpaka ukapasuka, akaukodolea macho kwa muda mrefu.

"Farasi," alitangaza, "wako kwa jirani."

Hema zima liliangua kicheko, Tumur akiwashinda wote, hadi mjomba alipomgeukia. Densmaa hakuwangoja wamalize. Alichota maziwa, akatoka nje, akayarusha juu angani kuishukuru Mbingu, machozi yakimtoka.